Milimita Tatu, Nguzo ya Sita

Saa tano na robo usiku, ghorofa ya nne, Ngara.
Barasa mlinzi amepita mara mbili na tochi yake,
akaniuliza kama sina kwetu.
Kompyuta inaniandikia kwa wino mwekundu:
Wavu haukuundwa. Hitilafu, eneo la kumi na nne.
Haisemi hitilafu gani.
Ni mtoto anayelia tu,
hasemi tumbo, hasemi sikio.

Nilianza kwa ubabe, nakiri.
Nikazipanua pembetatu, zikakataa.
Nikazifinya hadi zikawa kama chenga za mchele,
feni ikanguruma, chai ikapoa,
dakika arubaini nimekodoa macho,
kisha maneno yaleyale, eneo lilelile.
Ndipo nikamkumbuka Mhandisi Gathogo na kijembe chake:
"Ukimkaba mjinga hawi mwerevu,
huwa mjinga aliyekabwa."

Basi nikaanza kubomoa.
Nikaliondoa jengo, ghorofa kumi na moja, kwa kidole kimoja.
Nikaondoa bamba la msingi.
Nikang'oa nguzo za chini moja moja kama mihogo
hadi ikabaki ardhi tupu ya Kilimani,
na juu yake wavu ukatanda
ukingo hadi ukingo, kama chandarua kipya.
Nikarudisha nguzo ya kwanza. Sawa.
Ya pili. Sawa.
Ya tano nikaanza kuvua viatu.
Ya sita: nyekundu.

Nikaisogelea, nikakuza, nikakuza,
mita moja ikajaa kioo, kisha sentimita moja,
na pale ncha ya nguzo ilipopaswa kukanyaga
mstari wa mwamba uliooza,
palikuwa na mwanya.
Milimita tatu.
Humo mashine ilitakiwa kushona pembetatu,
nazo zikatoka miiba ya samaki,
ndefu, hazina tumbo, hazina eneo la kuhesabika.
Wahenga walituonya juu ya ufa na ukuta.
Huu ni ufa uliofika mapema,
ukuta wenyewe bado ni saruji iliyo dukani.

Nikampigia Musembi, najua halali,
yuko Mlolongo anatoboa zamu ya usiku.
"Shimo la tatu, Kilimani. Mwamba uko
mita sita nukta mbili sifuri tatu.
Hiyo tatu uliipimaje?"
Akacheka hadi mtambo wake ukasikika ukicheka naye.
"Tatu gani? Mimi niliandika sita na kitu.
Kamba ilikuwa matope matupu, mvua ya Aprili.
Na huo mwamba, dada, hauanzi hivi, pap!
Udongo mweusi unachoka, unakuwa kijivu,
kijivu kinaingia changarawe,
changarawe inaanza kubishana na nyundo.
Mstari mmeuchora nyinyi wa ofisini."

Sisi wa ofisini.
Yaani mkono huu, Jumanne, baada ya ugali,
kipanya kikateleza upana wa ukucha
na tarakimu ikazaliwa, ikavaa nukta, ikaheshimiwa.

Nikaushika mstari, nikaubandika kwenye ncha.
Sekunde tisa.
Vipande elfu thelathini na viwili, hakuna mwiba.
Ningeweza kwenda nyumbani.
Lakini sauti ya Musembi ilikuwa bado sikioni,
nikaupandisha mstari nusu mita, nikakokotoa,
nikaushusha nusu mita, nikakokotoa.
Jengo likazama milimita kumi na tisa.
Jengo likazama milimita thelathini na nne.
Mara zote mbili wavu ulikuwa safi,
bila lawama, bila wino mwekundu.

Barasa akachungulia mlangoni. "Imekubali?"
"Wavu umekubali."
"Basi funga, mama, hata panya wamelala."
Nikaandika kwanza, ukurasa wa mwisho wa ripoti:
shimo jipya litobolewe kando ya nguzo ya sita,
Musembi awepo, kamba ioshwe.
Kesho Gathogo atauliza nani analipa.
Sijui nitamjibu nini.
Nikatafuta viatu chini ya meza, kimoja sikukiona.